Tunalinda kilichotuua jana, kilichotuua juzi tumeshakisahau

MtotoWaMpigaDawa (mwanzisha uzi)

Assalaam alaykum wanabaraza. Uzi huu mrefu, lakini nimekaa nao moyoni miezi kadhaa na leo nautoa.

Marehemu baba yangu alikuwa mpiga dawa ya mbu. Pemba ya miaka ya 1960 kazi ile ilikuwa na heshima yake. Wanafunga bomba mgongoni, wanakwenda kijiji kwa kijiji, watu wanatoa vitanda na vyungu uani, wao wanapuliza kuta zote mpaka juu kwenye makuti, kisha wanaandika kwa chaki mlangoni siku waliyopita. Mama alikuwa akisema harufu ya dawa haikumtoka baba hata Ijumaa akishaoga na kuvaa kanzu.

Kazi ilianza 1957, serikali ikishirikiana na Shirika la Afya Duniani. Shabaha haikuwa kupunguza malaria, ilikuwa kuiondoa kabisa visiwani. Na walikaribia. Kabla ya kazi ile, ukiwapima watoto damu, zaidi ya nusu walikuwa na vijidudu. Kufikia 1968 walikuwa chini ya 5 katika 100.

Mwaka huohuo wa 1968 kazi ikasimamishwa. Baba akarudi kwenye mikarafuu.

Mie nimezaliwa 1971. Mdogo wangu wa kike alikufa kwa malaria hajatimiza miaka mitatu. Msibani jirani mmoja, bila ubaya wowote, akamuuliza baba: "Kwani nyie si mlikuwa mkiipigia dawa?" Baba akajibu: "Tuliambiwa tumemaliza." Hakuongeza neno, na mpaka anaondoka duniani sikumsikia tena akiizungumza kazi ile.

Miaka ya 1980 pakajaribiwa tena kwa msaada wa Marekani. Mradi ukafika mwisho wake, malaria ikabaki. Kisha kuanzia 2003 zikaja dawa mseto za kutibu, 2006 upigaji dawa majumbani ukarudi, tena kwa fedha za Marekani, vikagawiwa vyandarua vyenye dawa, na kufikia mwisho wa muongo ule maambukizi yakashuka chini ya mtu 1 katika 100. Watoto waliozaliwa hapa baada ya hapo wengi hawaijui ile homa ya kutetemeka na mablanketi matatu juu yako saa nane ya mchana. Wanangu wawili hawaijui.

Mwisho wa 2023 na mwanzo wa 2024, baada ya mvua kubwa, wagonjwa wakapanda ghafla. Kisha Januari 2025 Marekani ikasimamisha misaada yake ya nje.

Sasa tazameni tunavyopima hatari hapa kwetu. Tarehe 10 Septemba 2011 ilizama MV Spice Islander I, usiku, ikitoka Unguja kuja Pemba. Meli ya watu mia sita na kitu. Tume ikahesabu waliokuwamo kuwa zaidi ya 2,400, na waliokufa au wasioonekana zaidi ya 1,500. Julai 18 ya mwaka uliofuata ikazama MV Skagit karibu na Chumbe, ikitoka Dar es Salaam. Ndipo ikaagizwa MV Mapinduzi II, meli mpya ya abiria 1,200, ikafika 2015.

Umeme vilevile. Waya wa chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni, huko bara, ulilazwa 1980, na Unguja nzima ikautegemea huo mmoja. Mei 2008 ukakatika, mji ukakaa gizani mwezi mzima. Disemba 2009 tena, safari hii miezi mitatu, mpaka Machi. Baada ya hapo ukaja waya wa megawati 100, ukaanza kazi 2013.

Silaumu kununua meli wala kulaza waya. Nalotaka mlione ni mfuatano: kwanza maiti au giza, halafu bajeti. Malaria haiwezi kuipata bajeti kwa njia hiyo, kwa sababu haiui watu elfu usiku mmoja. Ikirudi itarudi mtoto mmoja Micheweni, mmoja Kengeja, mmoja Donge, kila mmoja na msiba wake mdogo na jamvi lake moja, na hakuna tume itakayoundwa.

Nauliza kwa moyo safi: nchi ndogo kama yetu, yenye mfuko mdogo kama wetu, ipime vipi? Kipi kitangulie kulindwa, na nani aamue?

NahodhaMstaafuMkoani

Waalaykum salaam. Mungu amrehemu mzee wako na mdogo wako.

Nimekuelewa, lakini kuna neno umelisema na linaniuma. Umeiita bahari "kilichotuua jana". Ndugu yangu, bahari ni ya leo. Mie nimevuka baina ya Unguja na Pemba miaka thelathini na moja. Ukishaipita Nungwi unaacha kivuli cha kisiwa, unakutana na mkondo, na kusi likivuma chombo kilichopakiwa vibaya kinakwambia hapo hapo. Hakingojei.

Nimewahi kukataa kutoa chombo. Sitakitaja, na mwenyewe nilimsamehe. Kilikuwa kimejaa hadi kwenye ngazi, magunia ya unga na mchele juu ya sitaha, na abiria bado wanapanda kwa sababu kesho yake ilikuwa sikukuu. Nikasema siondoki. Akatafutwa mwingine, wakaondoka, wakafika salama. Nikakosa kazi miezi minne, na kila aliyenikuta njiani akaniuliza: "Si walifika?" Hiyo "si walifika" ndiyo mizani yetu wengi, na ndiyo iliyotufikisha 2011.

Jambo jengine ambalo hujaligusa. Hatari haipimwi kwa idadi ya watu tu, hupimwa pia kwa kutazama ni watu gani. Baina ya Dar na Unguja, wanakopita watalii na wafanyabiashara, boti za kasi zilikuja mapema na zikashindana kwa uzuri. Njia ya Pemba watu wakabakia na meli ya usiku, ya mizigo na abiria pamoja, kwa sababu nauli ndiyo waliyoiweza. Waliokufa Septemba ile ni watu waliopima shilingi zao wakaona meli hiyo ndiyo yao. Kwa hiyo ukiuliza kipi kitangulie, mie nakurudishia swali: kitangulie kwa ajili ya nani?

Na tazama jina la kikosi kinachotuokoa baharini. KMKM: Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo. Kilipoundwa, hofu ya nchi ilikuwa karafuu isivushwe usiku kwenda Mombasa na Shimoni. Mali ile ndiyo iliyokuwa ikileta fedha za kigeni, basi doria na mafuta vikawekwa kuilinda. Leo vijana walewale wanapiga mbizi kutoa watu, na Mungu awalipe, nimewaona wakifanya kazi mpaka mikono inatoka damu. Lakini jina linakwambia tulianza kwa kuogopea nini.

MchuuziWaDarajani

Mie nasema la wazi. Fedha hazitoshi. Mama mjamzito anataka gari la wagonjwa, skuli zina watoto wengi darasani, barabara ya shamba mbovu. Ugonjwa usiokuwepo leo utauombaje fungu mbele ya mama anayetoka damu sasa hivi? Mpangaji wa bajeti akimchagua yule mama mie sitamlaumu.

MtotoWaMpigaDawa

Nahodha, nimekosea na narudi nyuma. Sikustahili kusema "jana". Na hilo la nani anapanda chombo gani sikuwa nimelifikiria, ingawa mama yangu mwenyewe maisha yake yote alisafiri kwa meli ya usiku.

Mchuuzi, hapo ndipo hasa ninapotaka tukae. Unasema ugonjwa usiokuwepo. Haupo kwa sababu upo mkono uliouzuia. Mtu ana ghala la mpunga, kafuga paka, mwaka mzima hajaona panya. Akisema paka huyu anakula bure, akamfukuza, kosa lake liko wapi? Kosa ni kwamba amehesabu panya waliopo akasahau kuhesabu panya watakaokuja. Mwaka 1968 hesabu ilifanywa hivyo. Na walioifanya hawakuwa wajinga, waliona chini ya 5 katika 100 wakadhani kilichobaki ni kidogo.

Mbu hatujawahi kuwamaliza. Vijidudu vinaingia kila siku na abiria kutoka bara, ambako malaria bado ipo. Mwenye kushuka bandarini Malindi hana kosa, anakuja kutafuta riziki au kuona jamaa zake. Lakini maana yake ni kwamba hatuna siku ya kusema tumemaliza, maadamu boti zinakwenda na kurudi. Na zitakwenda, kwa sababu ndizo zinazotulisha.

MwanaHesabuTunguu

Samahani wazee wangu kuingia katikati. Mimi nasoma, na somo hili tumelipitia. Darasani tunafundishwa hatari ni uwezekano wa jambo kutokea ukizidisha kwa madhara yake. Ukishapata tarakimu unapanga kutoka juu kwenda chini. Njia hiyo ina faida yake, inamzuia mtu kutumia mamilioni kwa sababu ya woga tu. Lakini nilipojaribu kuipeleka hapa kwetu ikanishinda mahala pawili.

Kwanza, mambo makubwa yanayokuja mara moja kwa vizazi vingi. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikavunja meli za Sultan Barghash zilizokuwa bandarini na kuangusha sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi. Pemba ikasalimika kwa kiasi kikubwa, na ndiyo sababu moja iliyoifanya Pemba kuwa kisiwa cha karafuu hadi leo. Babu zetu waliambiwa vimbunga havifiki huku, tuko karibu mno na ikweta. Kweli havifiki mara nyingi. Sasa tujenge kwa ajili ya kimbunga cha namna hiyo au tusijenge? Ukiweka kwenye hesabu, uwezekano kwa mwaka mmoja unakuwa mdogo mpaka kila kitu kingine kinautangulia, na mwaka unaofuata vivyo hivyo, na hivyo hivyo miaka mia.

Aprili 2021 tuliambiwa kimbunga Jobo kinakuja, kikafifia kabla ya kufika. Mei 2024 kikaja Hidaya, kikapiga upande wa Mafia, na kwetu safari za boti zilisimamishwa. Mjomba wangu alikwama bandarini na samaki wake na hadi leo hasikii tahadhari ya hali ya hewa.

Wengine walitokaje? Uholanzi, usiku wa kuamkia Februari 1, 1953, bahari ilivunja kingo zao, wakafa watu 1,836. Wahandisi wao walishaonya kwamba kingo ni dhaifu, lakini nchi ilikuwa imetoka vitani na fedha ziliwekwa kwengine. Baada ya maafa waliamua jambo ambalo mimi naliona kubwa kuliko kingo zenyewe: waliandika kipimo. Sehemu yenye watu wengi zaidi ilindwe dhidi ya bahari inayotarajiwa kupanda mara moja tu katika miaka 10,000. Kikishaandikwa, waziri mpya hana pa kusema mwaka huu hatuna hofu. Lango lao kubwa la mwisho la kuzuia bahari lilifunguliwa 1997, miaka 44 baada ya msiba, watoto wa waliozama wakiwa watu wazima.

Mtasema Uholanzi tajiri. Bangladesh basi. Novemba 1970 kimbunga kiliua watu 300,000 au zaidi. Nchi maskini kupindukia. Hawakuwa na uwezo wa kujenga ukuta pwani nzima, wakafanya waliloliweza: watu wa kujitolea kila kijiji, bendera, vipaza sauti vya mkononi, baiskeli, na majengo ya kukimbilia yaliyoinuliwa juu, siku za kawaida yakitumika kama skuli. Mwaka 2007 kilipokuja kimbunga Sidr, kikali sana, walikufa kama 3,400. Bado ni wengi, bado ni msiba, ila angalieni tofauti.

Pahala pa pili hesabu iliponishinda ni hapo hapo pa malaria. Tarakimu ya mwaka jana inaonyesha hatari *pamoja na kinga*. Hakuna anayetuonyesha tarakimu ya hatari *bila kinga*. Ila sisi Zanzibar tunayo. Tuliipata baada ya 1968, kwa gharama ya watu kama yule mdogo wake mwanzisha uzi. Nchi nyingi hazina kipimo kama hicho, sisi tunacho na hatukitumii.

NahodhaMstaafuMkoani

Mwanangu Tunguu, mwambie mjomba wako hivi: mie nilizuiwa bandarini kwa utabiri mara nyingi, na mara nyingi bahari ikalala shwari kama maji ya mtungini. Sikuwahi kurudisha hata saa moja ya zile. Samaki wameoza, kweli, na hapo serikali ingekuwa na barafu ya dharura bandarini au kitu cha kumfuta machozi mvuvi na mchuuzi. Mwenye kukatazwa asipofidiwa hata kidogo, mara ya tatu ataiba safari. Hilo nalo ni gharama ya ulinzi, na halijaingia kwenye bajeti yoyote niliyoisikia.

BintiPanza

Nimeusoma uzi wote kabla sijaandika.

Kwetu kisiwani Panza, huku Pemba, Machi 2024, walikufa watoto wanane na mtu mzima mmoja kwa kula nyama ya kasa. Wengine wengi walilazwa. Kabla yake, Novemba 2021, hapahapa Pemba walikufa watu saba kwa sababu hiyohiyo. Nyie mnazungumza megawati na kingo za Uholanzi, na mimi sikatai, lakini nataka mjue hatari inavyopimwa jikoni.

Kasa si kila mmoja ana sumu. Hapo ndipo ulipo mtihani. Sumu inatokana na anavyokula baharini, huioni, hunusi, na kuchemsha hakuiondoi. Mtu amekula kasa tangu utotoni, bibi yake kala, hakuna aliyedhurika. Siku akipatikana kasa ni nyama ya bure kwa nyumba ambayo imekaa wiki mbili inakula ugali kwa mchuzi wa chukuchuku. Mama anapima: nimekula mara ishirini sikufa, na watoto hawajaonja nyama tangu sikukuu. Ukimwita mjinga unakosea. Amepima kwa alichonacho.

Baada ya msiba walikuja maofisa, wakahutubia, watu walilia, wakaapa. Wakaondoka. Najiuliza baada ya miaka mitano, watoto wa sasa wakishakuwa wazazi, nani atakuwa anasema? Kumkumbusha mtu hakuhitaji meli. Kunahitaji mwalimu wa skuli, imamu siku ya Ijumaa, sheha, kila mwaka, wakati wa bahari kutulia, hata kama hajafa mtu. Hasa kama hajafa mtu. Hilo ndilo naliona linafanana na malaria ya kaka hapo juu.

Na bahari inakula ardhi yetu, maji ya chumvi yameingia kwenye mabonde ya mpunga. Wanawake tumepanda mikoko kwa mikono yetu. Hiyo hatari haiui kwa siku, inahamisha. Ukija baada ya miaka utaambiwa watu wa hapa walihama kwa hiari yao.

MwanakwerekweKwaMaji

Dada Panza pole sana. Sie huku mjini masika yakija zamani tulikuwa tunatoa godoro dirishani. Ikajengwa mitaro mikubwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kweli imesaidia. Sasa imejaa makopo na chupa na mifuko. Kujenga kulipata sherehe na utepe, kuzibua hakuna anayekuja kukata utepe.

MhudumuWaKituo

Nimekuwa nikisoma kimya, lakini mitaro imenitoa.

Mimi nafanya kazi ya afya Pemba, kituo sikitaji. Nieleze jinsi kinga ya malaria inavyofanya kazi sasa, kwa sababu wengi wanadhani ni chandarua na dawa ya ukutani tu.

Mgonjwa anakuja na homa. Tunamtoboa kidole, tunapima kwa kipimo cha haraka. Akiwa nayo, tunatibu, na khabari inapelekwa kwa simu. Ofisa wa malaria wa wilaya anaipata, anapanda pikipiki, ndani ya siku chache anatakiwa awe amefika nyumbani kwa mgonjwa. Anapima nyumba nzima, anauliza nani amesafiri bara mwezi huu, anatazama vyandarua, na anayekutwa na vijidudu bila hata kuhisi homa anatibiwa hapo hapo. Hao wasiohisi homa ndio wanaowalisha mbu. Mgonjwa mmoja ni kama cheche kwenye makuti, yule wa pikipiki ndiye anayekimbia na ndoo.

Sasa nikwambieni kinachokatwa kwanza fedha zikipungua. Si dawa, dawa zinaonekana, zikikosekana watu watapiga kelele. Si mishahara ya wakubwa. Kinachokatwa kwanza ni mafuta ya pikipiki na vocha ya simu. Nimeona wiki ambazo khabari inapelekwa na hakuna anayekwenda, kwa sababu tangi tupu. Kwenye karatasi mfumo upo. Ofisi ipo, ofisa yupo, pikipiki imeegeshwa chini ya mwembe. Na yeyote atakayeuliza ataambiwa kinga haijasimama.

Kipindupindu kilitufunza jambo kama hilo. Mwaka 2015 na 2016 tulipata wagonjwa zaidi ya 4,000 visiwani. Wakati wa mlipuko kila kitu kilipatikana: klorini, mahema, magari, hata viongozi walifika kambini. Ukimalizika, klorini ya kutia kwenye visima inarudi kuwa ombi la barua ambalo halijibiwi. Mimi siombi fedha za mlipuko. Naomba robo yake, ije kila mwezi, mwezi usiokuwa na mgonjwa nao uje.

MchuuziWaDarajani

Dada Mhudumu umenigeuza. Sikujua hesabu iko kwenye mafuta ya pikipiki. Mie nilidhani tunazungumza mabilioni ya wafadhili. Lita ngapi kwa wilaya kwa mwezi? Biashara yangu mwenyewe nachoma mafuta, najua bei.

MhudumuWaKituo

Lita sitaandika hapa, inategemea wilaya na msimu. Lakini ukiilinganisha na gharama ya kumlaza mtoto mmoja mwenye malaria ya kichwani, damu anayowekewa, siku za mama yake kukaa wodini, hutauliza mara ya pili.

MtotoWaMpigaDawa

Nilianzisha uzi nikidhani najua ninachotaka kusema. Mmenifundisha.

Nahodha, umenionyesha kwamba kabla ya kuuliza hatari gani, tuulize ya nani. BintiPanza, hilo la kusema kila mwaka hata kama hajafa mtu nimelichukua kama lilivyo. Mwanangu wa Tunguu kasema kipimo kiandikwe. Hapo nataka kutia mkazo wangu, kwa sababu ndipo roho yangu ilipo.

Tukae na wawakilishi wetu tukubaliane kwamba kuna kinga ambazo fungu lake haliamuliwi kwa wagonjwa wa mwaka jana. Linaamuliwa kwa swali moja: tukiacha, kitarudi nini? Malaria imo. Ukaguzi wa vyombo kabla havijafungua kamba umo. Klorini ya visima imo. Fungu lenyewe litoke kwenye mfuko wetu, walau lile la kuendesha kila siku: mafuta, vocha, chaki. Mfadhili akija na fedha kubwa alete vyandarua na dawa, ahsante sana, Mungu ambariki. Lakini mfadhili ana mizani yake, na mizani yake iko kwao. Akibadilisha waziri, hofu yake inabadilika, na hana kosa kwetu, hatukumchagua sie. Mwaka 1968 na miaka ya 1980 na 2025, mara tatu, kazi yetu imeyumba kwa maamuzi ambayo kitovu chake hakikuwa hapa peke yake.

Na hoteli zetu zote za Nungwi na Paje na Kiwengwa zinauza kisiwa chenye malaria kidogo, iwe wameandika kwenye matangazo au hawakuandika. Mgeni anayekuja na watoto anauliza hilo kabla ya kuuliza bei ya chumba. Basi katika kodi anayolipa kila mgeni kwa usiku, kisogee kiasi kidogo kimlinde yule mpishi na yule msafisha vyumba wanaolala Kinyasini na Mkokotoni.

Barua nimeshaiandika. Nampelekea mwakilishi wa jimbo langu, na swali ni moja tu ili asipate pa kuzungukia: katika mwaka huu wa fedha, mafuta ya pikipiki za maofisa wa malaria kwa wilaya nne za Pemba, Micheweni, Wete, Chake Chake na Mkoani, yametengewa shilingi ngapi kutoka mfuko wa serikali yetu wenyewe? Atakalojibu nitaliweka hapa neno kwa neno.

MwanaHesabuTunguu

Mzee wangu niandikie faragha, nikupangie tarakimu za miaka ya nyuma upeleke pamoja na barua.

MchuuziWaDarajani

Na mie niongeze jina langu kwenye barua. Mwakilishi wangu mwengine, lakini nitamtilia mkononi mwenyewe.

BintiPanza

Kaka, kabla hujaipeleka, ongeza mstari mmoja. Kwetu pikipiki haifiki. Andika na mafuta ya boti.